"Ni mbwa tu": hoja ya wavivu



Kuna sentensi ya maneno matatu ambayo nimeisikia mwezi huu mpaka masikio yamechoka: "Ni mbwa tu." Nimeambiwa na mhariri. Nimeambiwa na konda wa daladala la Igoma. Nimeambiwa na shangazi yangu kwa simu kutoka Magu. Nimeambiwa hata na rafiki yangu mwenye shahada ya uchumi, ambaye nilidhani yeye angalau atakuja na hesabu. Hakuja na hesabu. Alikuja na maneno yale yale matatu, akayasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala, kisha akaagiza soda nyingine.

Leo nayajibu. Nayajibu kwa kirefu kwa sababu watu wanayatumia kana kwamba ni hoja iliyokamilika, wakati ni njia tu ya kukwepa kuamua. Na huko kukwepa ndiko ninakokupinga, si kitu kingine. Naomba nisieleweke vibaya: sitasema popote kwamba kila mbwa mgonjwa lazima atibiwe kwa gharama yoyote.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani kwa mama, hapa Mabatini, huku juu kwenye mawe, tuna mbwa jike wa miaka minne hivi anayeitwa Hayakuhusu. Jina alipewa na mama, na lilikuwa salamu kwa jirani mmoja ambaye anajijua. Mnaufahamu wenyewe utamaduni wetu wa kumpa mbwa jina la kumsemea mtu. Ukisimama mlangoni jioni ukaita kwa sauti, ujumbe unafika na hakuna wa kukushitaki kwa balozi. Basi huyu Hayakuhusu si mbwa wa Capri Point. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, masikio yamesimama, anakula ugali na mapanki ya sangara, analala nje. Nyumba za jirani zimevunjwa zaidi ya mara moja. Kwetu hajaingia mtu.

Miezi michache iliyopita akaanza kutoka damu nyuma. Mtaa mzima ukatoa uamuzi: yuko kwenye joto. Lakini joto la mbwa lina mwisho wake, wiki mbili tatu limekwisha, na hii damu haikuwa na mwisho. Akaja kwanza kijana wa duka la dawa za mifugo, na bila hata kumgeuza akataka kumchoma oksitetrasaiklini. Hiyo ndiyo sindano ya kila kitu kanda hii: ng'ombe akikohoa oksi, mbuzi akichechemea oksi, kuku akisinzia oksi. Nikamwambia asante kaka, subiri kwanza. Hapa naomba niseme jambo ambalo wengi hawalijui: bwana mifugo wa cheti na daktari wa mifugo wa shahada, aliyesoma kule Sokoine Morogoro, ni watu wawili tofauti, na muuza dawa dukani huenda asiwe yeyote kati yao. Ukiwa na mbwa anayetoka damu, unamhitaji daktari.

Daktari alimgeuza, akavaa glovu, akaangalia. Ndani kulikuwa na uvimbe wenye vinundu kama koliflawa, unatoa damu ukiguswa. Akapaka sampuli kwenye kioo, akaenda nayo kwenye hadubini, akarudi na jina: saratani ya kuambukiza ya mbwa.

Nilidhani nimesikia vibaya. Saratani haiambukizi! Kila kipeperushi cha afya kinasema hivyo, na kwa binadamu ndivyo ilivyo. Lakini hii ni ya ajabu. Kwa mbwa, seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, hasa wakati wa kujamiiana, na pia kwa kulambana na kunusana. Hakuna kirusi wala bakteria anayezibeba. Kansa ya kawaida hufa na mwenye nayo. Hii ilikataa kufa. Wanasayansi waliolinganisha vinasaba vya uvimbe kutoka nchi nyingi, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, walikadiria kwamba uvimbe wote wa aina hii duniani unatokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Kwa maneno mengine, kile kinachotoka damu chini ya ngazi zetu hapa Mabatini ni kipande cha mbwa aliyekufa angalau miaka elfu mbili kabla ya Kristo. Nilikaa nalo jambo hilo usiku mzima. Halafu asubuhi nikaenda kuandika habari ya bei ya dagaa.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndiko mnakotaka kufika. Ugonjwa huu unatibika. Dawa inaitwa vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida kati ya wiki tatu na sita, na mbwa wengi wanaoipata hupona kabisa. Nilitajiwa shilingi 45,000 kwa kila sindano pamoja na kazi, wiki tano, na kipimo cha damu kabla ya kuanza, shilingi 20,000. Jumla 245,000. Kwa mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa, hizo ni habari nyingi, na baadhi yake mhariri atazikalia. Kwa mtu wa Mabatini ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa. Sikatai kwamba ni pesa nyingi. Nakataa tu kwamba swali limekwisha kabla hatujaliuliza.

Hoja nzito kuliko zote waliyonipa ni ya watoto. "Watoto wanakufa Bugando, wewe unamchoma mbwa dawa ya kansa." Hii siidharau hata kidogo, na nina sababu. Dawa ni ile ile. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu saratani za watoto, ikiwemo ile iitwayo Burkitt, uvimbe wa taya unaokuwa haraka mno. Jina limetokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, ambaye aliuandika ugonjwa huo mwaka 1958. Unafuata ukanda wenye malaria nyingi, na sisi wa kandokando ya ziwa tumo ndani ya ukanda huo. Nimekwenda wodini kikazi. Nimemwona mama wa Sengerema amekaa na mwanawe ambaye shavu limevimba mpaka jicho limefichika. Mtu asinifundishe habari za watoto hao kwa ajili ya kushinda ubishi wa kijiweni.

Na hapo ndipo hoja inapoharibika, kwenye namna inavyotumika. Mbwa wa kilo 20 anahitaji takriban nusu miligramu ya dawa hiyo kwa wiki, na tuliinunua duka la dawa kwa pesa yangu; hakuna mtoto aliyenyang'anywa. Daktari angeniambia kwamba mjini imebaki chupa moja na kuna mtoto anaisubiri, mazungumzo yangeisha hapo hapo. Lakini mtu anayenitajia watoto wa Bugando hanipi bahasha niwapelekee. Hakuwahi kuwataja kabla ya mbwa wangu kuugua, na hatawataja tena baada ya hapo. Mwezi huu huu nimeletewa kadi mbili za michango ya harusi na moja ya kitchen party. Nani alisimama akasema "ni keki tu, watoto wanakufa Bugando"? Hakuna. Ukumbi umelipiwa, MC amelipwa, matarumbeta yamezunguka mji na gari la video mbele. Bia nazo hazijawahi kusimamishwa na wodi ya watoto. Huyo mtoto anaitwa kuja kutoa ushahidi dhidi ya mbwa peke yake.

Ipo hali moja ambayo hoja hiyo ni ya haki, nayo ni pale pesa zinapokuwa ndizo hizo hizo na mtu wa kuzihitaji yumo nyumbani mwako. Hapo sina mjadala. Mama anatumia vidonge vya presha, mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Kabla ya kumjibu daktari nilitoa kwanza vidonge vya miezi miwili na ada iliyobaki. Kilichosalia ndicho nilichokitazama. Sikukopa, na simshauri mtu yeyote akope kwa riba za hawa wakopeshaji wa mitaani, na sasa wa kwenye simu, kumtibu mbwa. Mbwa hawezi kudai uuze kitanda cha mtu. Anachoweza kudai ni kwamba asiwe wa mwisho nyuma ya kreti la bia.

Hoja ya pili ni kwamba huu ni uzungu. Hii inanichekesha, hasa ikisemwa na Msukuma mwenzangu. Ng'ombe wa babu yangu akikataa majani, nyumba nzima hailali. Anaitwa mtaalamu, zinanunuliwa dawa, mtu anatembea usiku. Sijawahi kusikia mtu akisema "ni ng'ombe tu". Mtanijibu ng'ombe ni mali, analeta mahari, analeta maziwa. Sawa. Basi tufanye hesabu ambayo rafiki yangu mchumi hakuifanya. Ulizeni kampuni yoyote ya ulinzi hapa mjini bei ya mlinzi mmoja wa usiku kwa mwezi, kisha zidisheni kwa miezi arobaini na nane. Hayakuhusu amefanya kazi hiyo kwa mapanki. Hana siku ya mapumziko, hana NSSF. Siku anaugua mnasema ni wa kutupa.

Lakini sitaki kusimama kwenye hesabu hiyo peke yake, maana ikisimama peke yake, mbwa mzee asiyebweka atakuwa hana haki yoyote, na sikubali. Sisi tuna tatizo na mbwa hata kwenye ulimi. Mtu akitaka kukutukana anasema mbwa wewe, akikudharau zaidi anasema mbwa koko. Tunafundishwa ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Ndugu zangu Waislamu wana sheria zao za tohara kuhusu mate ya mbwa na ninaziheshimu, lakini wao hao hao wanaijua hadithi ya aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamchotea maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Unajisi wa mate haujawahi kuwa ruhusa ya ukatili. Na hata sheria ya nchi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama namba 19 ya mwaka 2008, imemtambua mnyama kuwa kiumbe anayehisi, na haikumbagua mbwa.

Na kuhusu uzungu wenyewe: nendeni mkasome habari za shirika la PDSA la Uingereza. Lilianzishwa mwaka 1917 na mwanamke aitwaye Maria Dickin, katika mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London, wakati ule mtaa wa makabwela hasa. Kliniki ile ilikuwa kwa ajili ya wanyama wa watu wasio na pesa: punda wa kuvuta mkokoteni, paka, mbwa. Hawakuwa matajiri wanaocheza na vijibwa vya mapajani. Walikuwa watu wa Mabatini yao. (Shirika hilo hilo ndilo lililompa nishani ya dhahabu mwaka 2020 panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufundishwa na APOPO, kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Panya wa Tanzania ana nishani. Endeleeni kuniambia mnyama ni mnyama tu.)

Haya. Sasa upande wa pili, maana wapo pia wa kugombana nao huko.

Yapo magonjwa ambayo jibu ni hapana, na anayelazimisha ndiyo anajiliwaza mwenyewe tu. La kwanza ni kichaa cha mbwa. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akang'ata vitu bila sababu, akitoka udenda, sauti ikibadilika, miguu ya nyuma ikilegea, huyo huna uamuzi wa kufanya juu ya matibabu. Hakuna matibabu. Dalili zikishatokea, kwa mbwa na kwa binadamu, ni kifo karibu kila mara. Usimguse, usimfungulie mdomo ukidhani amekwama mfupa, ita mifugo. Na kama amekung'ata au amekulamba penye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwa saa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Inakadiriwa watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, karibu wote wameng'atwa na mbwa, na wengi ni wa Afrika na Asia. Wapo watoto wengi miongoni mwao.

Halafu kuna mbwa mzee ambaye figo zimechoka, kuna aliyegongwa na lori barabara ya Nyerere uti wa mgongo ukakatika, kuna kansa iliyokwishafika mapafuni. Hapo pesa haiwezi kununua kupona, inanunua wiki za maumivu. Na kuna wa katikati, wagumu zaidi, kama mtoto wa mbwa mwenye parvo. Huo ugonjwa ulijitokeza miaka ya 1970 mwishoni ukaenea duniani kote kwa muda mfupi. Anatapika, anaharisha damu, na kinachomwokoa ni dripu na uangalizi wa siku kadhaa mfululizo. Akipata, wengi hupona. Asipopata, wengi hufa. Kama hizo siku kadhaa huna uwezo wa kuzilipia, sikulaumu hata kidogo kwa kusema siwezi.

Ninachokulaumu ni kitakachofuata ukishasema siwezi. Tuwe wakweli juu ya tunachofanya mtaani. Hatumtibu, na hatumuui. Tunamwacha. Tunaacha kumwita. Tunafunga geti akiwa nje. Tunamwambia kijana ampeleke "mbali kidogo", na mbali kidogo ni kingo za mto Mirongo, ambako mbwa anakaa kwenye matope na mifuko ya plastiki siku nne, siku sita, nzi juu yake, watoto wanamrushia mawe wakienda shule. Halafu tunasema alikufa mwenyewe. Wengine ni wepesi zaidi, wanaweka sumu kwenye utumbo wa ng'ombe, na yule mbwa anakufa kwa degedege la muda mrefu. Hiyo ndiyo sera halisi iliyojificha nyuma ya "ni mbwa tu".

Kumbe daktari anaweza kumlaza. Anazidisha dawa ya usingizi mshipani, mbwa anasinzia mikononi mwa mtu anayemjua, moyo unasimama. Haichukui dakika nyingi. Ni rahisi kuliko tiba yoyote niliyoitaja hapa. Nilimuuliza daktari ni watu wangapi humwita kwa kazi hiyo akitoa wale wageni wa mashirika. Alicheka tu.

Na kwa ugonjwa huu wa Hayakuhusu, kumwacha si jambo la nyumbani kwangu peke yake. Kila dume atakayempanda anaondoka na seli zile, anazipeleka Mbugani, anazipeleka Mahina, anazipeleka kwa mbwa wako wewe unayenicheka. Ukisema usimtibu, sawa, niambie basi nimlaze. Lakini "mwache" halikubaliki kwa akili yoyote. Hilo ndilo nililomwambia mama, na mama, ambaye hana shahada, alifikiri kidogo akasema: "Basi wewe amua moja." Katika watu wote niliozungumza nao ni yeye tu aliyenitaka niamue.

Nilijiuliza mambo niliyoweza. Unapona? Ndiyo, huu unapona. Ana umri? Miaka minne, bado ana miaka mbele. Tiba yenyewe itamtesa? Kidogo: atatapika siku moja mbili, chembe nyeupe za damu zitashuka, na sindano ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama, kwa hiyo lazima ichomwe na anayejua. Nyumba inaweza? Hapa palinisumbua kuliko pesa. Dawa hii inatoka kwenye mkojo na kinyesi kwa siku kadhaa, na ua wetu una wapangaji wenye watoto wanaotambaa. Ilibidi tumjengee kibanda upande wa jiwe kubwa, nikanunua glovu, nikawaeleza wapangaji mmoja mmoja. Mmoja aliniambia ni mbwa tu. Nikamwambia ndiyo shemeji, na huyu ni mwanao, ndiyo maana naomba asifike kule.

Nikaamua atibiwe. Amekwishapata sindano tatu. Damu imekoma baada ya ya pili, uvimbe umenywea kama nusu. Akimaliza na akipata nguvu atafungwa kizazi, na hiyo ni gharama nyingine ambayo sijaipata bado.

Lakini kinachoniudhi zaidi sasa, kama mwandishi, si majirani. Ni kwamba mjadala huu wote wa 245,000 unatokea kwa sababu vitu vya bei ndogo havikufanyika. Mbwa jike aliyefungwa kizazi mapema haoti joto, hapandwi, na hatari ya kuupata ugonjwa huu inashuka sana. Chanjo ya kichaa ni sindano moja. Ya mtu aliyekwishang'atwa ni sindano kadhaa, kwa bei ambayo familia nyingi za vijijini zinauza mbuzi kuipata. Na hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi ya simba wote wa kule, na inaaminika vilianzia kwa mbwa wa vijijini. Hapo ndipo dunia iliposhtuka! Mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa kwa wingi, na katika wilaya ya Serengeti, mkoa jirani wa Mara, kampeni za miaka ya 1990 mwishoni zilishusha kichaa cha mbwa na idadi ya watu wanaong'atwa. Kiwango kinachotajwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Ukifika hapo ugonjwa unakosa pa kupita. Utafiti uliofanyika Tanzania na kutoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo inayotumika sana hubaki na nguvu hata ikikaa nje ya friji kwa miezi kadhaa, nyuzi 25 miezi sita, nyuzi 30 miezi mitatu. Kwa hiyo hata ile sababu ya "umeme hakuna" imepungua makali.

Mbwa wa Serengeti walikumbukwa kwa sababu walimwambukiza simba, na simba analeta dola. Mbwa wa Mabatini hawana simba wa kuwaambukiza. Wana watoto wetu tu.

Wiki iliyopita nilizunguka sehemu nne za huduma ya mifugo mjini nikiuliza vitu vinne: bei ya kumwona daktari, bei ya chanjo ya kichaa, bei ya kufunga kizazi, bei ya kumlaza mbwa asiyepona. Nilipata bei nne tofauti kwa kila kitu, na hakuna hata sehemu moja iliyokuwa nayo imeandikwa ukutani. Bei ya kumlaza, wawili waliniuliza kwanza mbwa ni wa Mzungu au wa Mswahili. Ombi langu kwa ofisi ya mifugo ya jiji ni dogo: hizo bei nne ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe kila duka na kila ofisi ya kata, Mabatini ikiwemo. Nimepeleka barua. Nakala ninayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa.